Mteremko wa Kutosha

Mwalimu mkuu alinipigia saa 12 na nusu asubuhi, masika yamekolea, na kabla sijamaliza kumwamkia akasema, "Njoo uone maji yako." Hakusema maji ya mvua. Maji yangu. Nilipofika, bodaboda imenitapakaza tope hadi mgongoni, nilikuta madawati ya mbele yameshatolewa, wanafunzi wawili wanasukuma maji kwa mafagio, na madaftari yameanikwa dirishani kama dagaa. Usiku kucha upepo ulikuwa unaipiga mvua inaingia barazani, na maji ya barazani, badala ya kushuka uwanjani, yalikuwa yamechagua mlango wa darasa.

Wakati huo nilikuwa mkadiriaji majenzi wa mwaka wa pili kazini. Mradi wenyewe haukuwa mkubwa: madarasa mawili na ofisi ya walimu katikati, kijiji kimoja kusini mwa mkoa wa Pwani, njia ya kwenda Rufiji. Ulijengwa kwa fosi akaunti, ule utaratibu ambao fedha zinaingia kwenye akaunti ya shule, kamati inanunua vifaa, na fundi wa jirani analipwa ufundi tu. Hakuna mkandarasi. Hakuna mhandisi anayeshinda saiti. Kuna karatasi na kuna fundi. Karatasi niliiandika mimi: mchanganuo wa gharama pamoja na maelezo ya kiufundi, yale ambayo saiti huitwa spesi. Niliyaandika kwa Kiswahili, kurasa 11, nikajiona nimewatendea watu wema.

Fundi mkuu alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, mzaliwa wa delta ya Rufiji. Nilimkuta amechuchumaa barazani anayatazama yale maji kama mtu anayemtazama mbuzi wa jirani ndani ya shamba lake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pole na njia."

"Mzee, mbona baraza halina mteremko?"

Hakubisha. Alimtuma kijana wake alete kabrasha, ambalo alikuwa analitunza kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi yake ya kupigia kura. Akafungua ukurasa aliokuwa ameukunja pembe, akaweka kidole chini ya mstari, akasoma taratibu: "Sakafu ya baraza iwe na mteremko wa kutosha kuelekea nje." Kisha akaniangalia. "Nimeuweka. Mimi ulinitosha."

Nikachukua pima maji na futi, nikapima. Kweli alikuwa ameuweka. Baraza la upana wa m 1.5 lilishuka mm 4 kutoka ukutani hadi ukingoni, na penye mlango wa darasa palikuwa pamebonyea kidogo kuelekea ndani. Mm 4 ni mteremko. Hakuna mahakama ingemtia hatiani yule mzee, na mimi mwenyewe, nikisimama mbele ya hakimu na ile karatasi mkononi, ningeona haya.

Kwenye mikataba mikubwa wanasheria wana kanuni ya kale: maneno yakiwa na utata, yanafasiriwa dhidi ya aliyeyaandika. Mzee hakuwa ameisikia kanuni hiyo popote, lakini alikuwa ameshaitumia.

Tulibomoa lile tabaka la juu tukasakafia upya. Baraza lilikuwa na urefu wa m 18, kwa hiyo ni mita 27 za mraba, na kwa unene tuliouhitaji zilikula mifuko 10 ya simenti. Kamati haikuwa na senti. Mimi nilitoa simenti, mzee akatoa nguvu zake na za vijana wake. Safari hii niliandika hivi: "Baraza lishuke mm 25 kutoka ukutani hadi ukingo wa nje. Kabla ya kusakafia, fundi afunge kamba mbili, moja ukutani na moja ukingoni, na mwalimu mkuu azipime." Hesabu yake ni moja kwa sitini, mteremko wa kawaida kabisa kwa sakafu inayopigwa na mvua. Ningeweza kuandika moja kwa sitini. Lakini mm 25 zipo kwenye futi ya kila mtu, na inchi moja ipo upande wa pili wa futi hiyo hiyo.

Tangu hapo nina ugomvi na aina fulani ya maneno. Kutosha, bora, imara, nadhifu, ya kisasa, kwa ustadi, kama inavyofaa, kwa kiwango cha juu. Ukiyasoma ofisini yanasikika ya kitaalamu, na ndiyo maana tunayapenda. Ukiyapeleka saiti hayana kipimo ndani yake, yana mtu: yanamtosha anayeyasoma. Akiwa mwaminifu atajaza uaminifu wake, akiwa na haraka atajaza haraka yake, na akiwa na bei ya chini aliyoiweka ili ashinde zabuni, basi atajaza hiyo bei.

Na n.k. Jamani, n.k.! Nimewahi kuona mstari wa bei unaosema "Kuweka vifaa vya choo: bakuli, sinki la kunawia, n.k." Mkandarasi aliipigia n.k. hesabu ya sifuri. Mwenye jengo aliisoma akaona ndani yake kioo, ndoano ya taulo, kishikio cha karatasi na bomba la kujisafishia. Walikuja kugombana siku ya makabidhiano, wote wawili wakiwa na karatasi moja mkononi, kila mmoja akiisoma kwa macho yake. Leo mtu akiniletea kabrasha nilikague, jambo la kwanza ninalofanya ni kutafuta n.k. kwenye kompyuta na kuzifuta moja baada ya nyingine, nikiuliza: nini hasa?

Somo kubwa zaidi sikulipata kwenye baraza bali kwenye mazungumzo ya mchana ule ule, tukisubiri sakafu ishike. Nilimwambia mzee kwamba tatizo la Kiswahili ni kukosa maneno ya kupimia, ndiyo maana sisi tuliosoma tunakimbilia Kiingereza. Alicheka hadi akakohoa.

"Mwanangu, kwetu ukisema boriti umeshasema unene."

Akanieleza biashara ya miti ya mikoko kama alivyoikuta utotoni, majahazi yakipakia kwenye delta. Miti haikuuzwa kama miti. Ilikuwa fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kila jina na unene wake, na mnunuzi aliyeko Unguja aliagiza kwa jina tu, kwa korija, yaani miti ishirini ishirini, bila kuuona mzigo. Baadaye nilitafuta nikakuta kwamba hata maofisa wa misitu wa pwani waliyachukua majina hayo hayo wakayawekea sentimita: boriti, kwa mfano, ni kama sm 11.5 hadi 13.5. Ukileta mazio ukayaita boriti, mzigo unarudi. Tena neno lile lilipima hadi nyumba. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe ni virefu lakini vyembamba, upana wake hauzidi sana m 2.5 au m 2.8, kwa sababu hapo ndipo boriti ya dari inapoishia kubeba mzigo vizuri. Aliyesema "chumba cha boriti" alikuwa ameshatoa upana wa chumba, ukubwa wa miti na nafasi ya kuta, kwa maneno mawili. Na walikuwa na wanda, shibiri, dhiraa na pima kwa vilivyobaki.

Kwa hiyo lugha haikukosa kitu. Sisi ndio tulioacha kuisikiliza saiti. Nenda saiti yoyote leo utasikia maneno yanayobeba kipimo: tofali ya inchi sita, kokoto ya robo tatu, mbao mbili kwa nne, marumaru ya sitini kwa sitini, bati la geji 28. Haya ndiyo boriti na mazio ya siku hizi. Kazi yangu ni kuyachukua yalivyo, halafu kuyafungia kamba palipolegea.

Na yamelegea. Chukua bati. Geji inasomwa kinyumenyume, namba ikipanda bati linakuwa jembamba, kwa hiyo geji 30 ni hafifu kuliko 28. Wajumbe wa kamati moja walinunua geji 32 wakifurahi kwamba wamepata kubwa kuliko ile niliyoiandika. Dukani geji 28 hutajwa kuwa karibu mm 0.4 na geji 30 karibu mm 0.3, lakini "karibu" ina wasaa wa kutosha (neno lile tena) kumtajirisha mtu. Sasa naandika unene wa chuma kwa milimita, naongeza kwamba upimwe kwa maikromita kwenye kona ya bati siku mzigo unaposhushwa. Maikromita ndogo haina bei ya kutisha. Paa la kubadilishwa ndilo lenye bei ya kutisha.

Nondo zina hadithi yao. Wiki chache kabla ya ile mvua, kamati ilikuwa imeleta nondo za mm 12 kwa ajili ya mkanda wa juu, ule wa zege unaozunguka juu ya kuta. Zilifika na lebo, na risiti, na rangi ya kutu ile ya kawaida. Mzee aliinua moja kwa katikati, akaipimapima mkononi kama mtu anayenunua samaki, akanivuta pembeni. "Hizi nyepesi."

Mimi nilikuwa na kalipa, kile kifaa cha kubana na kusoma kipenyo, nikaanza kuhangaika nayo. Kalipa haifai sana kwa nondo kwa sababu nondo ina mbavu: ukibana juu ya mbavu unapata namba moja, ukibana katikati unapata nyingine, na muuzaji atachagua anayoipenda. Uzito hauna mchezo huo. Kuna hesabu ambayo kila aliyesomea ujenzi anaijua: kipenyo kwa kipenyo, gawanya kwa 162, unapata kilo za kila mita. Kwa mm 12 ni 144 gawanya kwa 162, yaani g 888 au 889. Tukakata kipande cha m 1 kwa msumeno wa chuma, tukaenda nacho duka la rejareja pale njia panda, mwenye duka akaondoa sukari kwenye mizani akaweka nondo. Watoto walijaa kushuhudia chuma kinavyopimwa kama mchele. G 710.

Geuza hesabu: hiyo ni nondo ya mm 10.7 hivi. Chuma kilichopungua ni theluthi? Hapana, ni moja ya tano. Katika kila nondo tano tulizolipia, moja haikuwepo.

Nilikuwa mwanafunzi Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, siku ambayo jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka likaua watu zaidi ya 30. Darasani hatukuzungumza kitu kingine wiki nzima. Sisemi madarasa yetu mawili yangeua mtu. Nasema tu kwamba nilipoona ile mizani ya sukari, tumbo lilinicheza.

Muuzaji alipopigiwa simu alisema bila wasiwasi, "Mmeagiza mm 12, nimeleta mm 12 ya kibiashara." Nikasoma karatasi yangu. Niliandika "nondo za mm 12 zenye ubora." Ubora! Hapakuwa na uzito, hapakuwa na kiwango cha TBS, shirika la viwango la Tanzania, hapakuwa na jambo lolote la kumkamata nalo. Fedha ilishatoka, nondo zilishashushwa. Mhandisi tuliyemwomba ushauri alipiga hesabu akaamua mkanda uliopaswa kuwa na nondo 4 uwekwe 5, ukubwa wa chuma unarudi karibu pale pale. Kamati ikanunua nyingine za kujazia. Siku hizi mstari wangu wa nondo unasomeka hivi: "Nondo za mm 12 zenye alama ya kiwango. Kipande cha m 1 kikatwe mbele ya kamati kabla gari halijashusha. Kisipungue g 848. Kikipungua, mzigo urudi na gari lililouleta." Hizo g 848 sikuzitunga, ni ule upungufu wa asilimia 4.5 ambao kiwango cha Uingereza cha nondo kinauruhusu, na ni vizuri kuuandika, maana ukidai g 888 kamili utakuwa unamdai mtu kitu ambacho hata kiwanda kizuri hakiahidi. Kipimo kisicho na wasaa ni uonevu, na saiti watu wakishaona karatasi inaonea wanaacha kuisoma.

Zege ndilo lililonichukua muda mrefu kulielewa, nikiwa nimeshahamia kwenye miradi yenye mkandarasi. Nilirithi kabrasha lililosema: "Zege daraja la 25, mchanganyiko wa 1:2:4." Linasomeka vizuri. Kumbe ni amri mbili zinazovutana. Daraja la 25 ni matokeo: michemraba ya mm 150 ikivunjwa baada ya siku 28 ibebe niutoni 25 kwa kila milimita ya mraba. 1:2:4 ni njia: mfuko mmoja wa simenti kwa sehemu mbili za mchanga na nne za kokoto. Michemraba ilivunjwa ikatoa 19, 20, 18. Tukamwita mkandarasi. Akaja na picha za vipimo, shahidi wa kila mkorogo, na kabrasha. "Mmeniambia 1:2:4, nimefanya 1:2:4. Kama 1:2:4 haitoi 25, waulizeni walioandika." Ilichukua miezi. Mwenye mradi alilipia sehemu ya uimarishaji.

Chagua moja. Ukimwambia mtu matokeo, mwachie njia na umdai matokeo. Ukimwambia njia, matokeo ni yako. Kwa mkandarasi mwenye mtambo na maabara nadai matokeo. Kwa fundi wa kijijini, ambaye maabara ya karibu iko kilomita 100, naandika njia, na naiandika hadi kwenye mbao: "Litengenezwe boksi la kupimia lisilo na kitako, ndani sm 40 kwa 35, kimo sm 25." Hilo linabeba lita 35, ndio ujazo wa mfuko mmoja wa kilo 50. Mfuko mmoja, maboksi mawili ya mchanga, maboksi manne ya kokoto, yasawazishwe juu kwa mbao. Bila boksi, kipimo ni karai au toroli, na toroli ya asubuhi hailingani na toroli ya saa 9 alasiri wakati kibarua amechoka.

Maji je? Hapo ndipo pabaya. Karatasi nyingi zinasema "maji safi ya kutosha." Kutosha kwa nani? Kwa kijana anayelikoroga kwa koleo, maji ya kutosha ni yale yanayolifanya litiririke kama uji. Naandika: yasizidi lita 27 kwa mfuko, yaani ndoo moja ya lita 20 na kopo la lita 7 lililowekwa alama, na yapunguzwe mchanga ukiwa umelowa. Mafundi hunilalamikia kwamba zege linakuwa gumu kushindilia. Ndiyo, ni gumu. Kwa hiyo lazima karatasi hiyo hiyo itoe na fedha ya kukodi vaibreta, mashine ya kulishindilia, vinginevyo nimeandika amri ambayo mtu hawezi kuitii akapata riziki.

Na kumwagilia. "Zege limwagiliwe maji kwa siku 7." Nilidhani hapa sina kosa. Nikapita saiti siku ya nne, jua la saa 7 mchana, nikakuta jamvi, yaani bamba la zege la sakafu, limepauka kama majivu. Fundi akaapa amemwagilia, na alikuwa amemwagilia: ndoo mbili, alfajiri, kila siku. Siku 7 zilikuwa zinatimia bila dhambi. Nikabadilisha kutoka kitendo kwenda hali: "Kwa siku 7 uso wa zege usionekane mkavu saa yoyote. Lifunikwe kwa magunia yaliyolowa." Hapo hata mwanafunzi anayepita kwenda kuchota maji anaweza kukagua kazi yangu, na kwa kweli ndivyo mwalimu mmoja alivyofanya, akawapa wanafunzi wa darasa la sita zamu ya kumripotia.

Niseme kidogo kuhusu kunakili, kwa sababu sote tunanakili na anayekataa ananakili pia. Kwenye kabrasha la mradi mmoja wa pwani, mahali ambapo ukiacha soda nje saa moja inakuwa chai, nilikuta sharti linalokataza kumwaga zege joto likishuka chini ya nyuzi 5, na maelekezo ya kulikinga dhidi ya barafu. Kurasa mbili. Halikuwa na hata neno kuhusu chumvi ya bahari inayokula nondo, wala kuhusu mchanga wa ufukweni ambao jirani mwenye kirikuu alikuwa anauuza kwa nusu bei. Aliyenakili alibeba hofu za nchi nyingine akaziacha za kwake. Mara nyingine inakuwa namba za viwango vilivyokwishafutwa. BS 8110 ya zege iliondolewa Uingereza mwaka 2010, lakini kwetu bado inatajwa kwenye makabrasha kana kwamba ilichapwa jana. Hilo si kosa lenyewe, mnaweza kukubaliana kuitumia. Kosa ni kuitaja bila kuwa nayo. Namuuliza kila anayeniletea namba ya kiwango: unayo? Umeisoma? Wengi wanacheka.

Pia kuna ile tabia ya kusema jambo moja mara tatu ili lieleweke. Mchoro unasema jamvi la mm 150, maelezo yanasema mm 125, mchanganuo wa bei umepigwa kwa mm 100. Nani anashinda? Katika kitabu chekundu cha 1999, masharti ya mikataba ya ujenzi ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, maelezo ya kiufundi yanatangulia michoro, na michoro inatangulia majedwali ya bei. Watu wengi saiti wanadhani mchoro ndio mfalme kwa sababu ndio uliobandikwa ukutani. Badala ya kusubiri kujua nani mfalme, unene unauandika mahali pamoja tu, na kwingine unasema "angalia mchoro namba fulani". Inaonekana uvivu. Ni kinyume chake, inakulazimisha ujue kila kitu kinakaa wapi.

Kuhusu Kiswahili chenyewe, nimejifunza kuchunga viambishi kama ninavyochunga milimita. "Ukuta utapigwa lipu" ni utabiri, na mimi si mganga. "Ukuta upigwe lipu" ni amri, lakini haina mtu. "Fundi apige lipu, msimamizi aikague kabla ya rangi" ina watu wawili na mpangilio wa kazi. Lugha yetu inaipa amri umbo lake kamili, hiyo -e ya mwisho, halafu sisi kwa kuiga mikataba ya Kiingereza tunaandika -ta- kurasa nzima.

Na saa! Mwenzangu alitafsiri sharti la kutomwaga zege baada ya saa 10 jioni kutoka kwenye kabrasha la Kiingereza, akaandika "saa 4" kama alivyoiona. Mafundi walianza saa 2 asubuhi, ilipofika saa 4 wakaweka chini koleo, wakaenda chini ya mwembe. Msimamizi alipokuja juu wakamwonyesha karatasi. Nadhani walijua. Ila walikuwa na haki.

Nisieleweke kwamba kila kitu kiandikwe. Baada ya yale ya barazani niliugua ugonjwa wa kuandika, nikatunga kurasa tatu za namna ya kupanga tofali. Mzee alizisoma zote, akaniuliza kwa upole kama mimi nimewahi kupanga tofali. Fundi anajua kujenga ukuta. Siku hizi naandika pale tu ambapo watu wawili wenye akili timamu wangeweza kufanya tofauti, na tofauti hiyo ikagharimu. Kwa ukuta: unene wa chokaa kati ya tofali, uwiano wa mchanganyiko, na kwamba mbao iliyonyooka ya m 2 ikiegemezwa kwenye lipu upenyo usizidi mm 3. Basi.

Pale ambapo wawili wangefanya tofauti siwezi kupajua peke yangu mezani, ndiyo maana sasa nasoma kabrasha kwa sauti mbele ya fundi kabla halijasainiwa. Anasoma yeye, mimi nasikiliza. Anapokwama, hapo pana kosa langu. Mwaka jana tulikuwa tunafanya hivyo kwa vyoo vya shule, matundu kadhaa na choo kimoja cha mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu. Fundi alikuwa kijana, labda wa miaka 25, anasoma haraka. Akafika kwenye mlango wa kile choo: "Upana wa uwazi mm 900."

Akanyamaza. "Dada, unafungukia ndani au nje?"

Sikuwa nimeandika. Tukachora chumba kwa chaki kwenye sakafu ya ofisi ya mwalimu, ukubwa halisi, nikageuza ndoo nikaikalia katikati kama ndiyo kiti, yeye akashika kipande cha siling bodi akakizungusha kama mlango. Kikifungukia ndani kinanigonga magoti, sina pa kugeukia. Nikatoa peni nikaandika pembeni: "Mlango ufungukie nje."

Akasoma tena kwa sauti, akakuna kidevu.

"Bawaba zikae kushoto au kulia?"